Bomba Lenye Dirisha

Dada yangu mkubwa, ambaye mpaka leo namwita Yaya, anafanya biashara kati ya Kasongo na Salamabila. Anakwenda na mawese, sabuni na vitenge, anarudi na chochote ambacho watu wa migodini wamechoka nacho: redio, masufuria, mara moja hata kiti cha gari. Siku hiyo alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yangu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akaniita kabla ya kunisalimu.

"Mudogo wangu, njoo uone. Wewe iko mwalimu wa fizike. Uniambie hii iko kitu gani."

Alimwaga gunia uani. Vikatoka vipande vya bomba la inoksi, kile chuma cheupe kisichoota kutu, vizito kuliko nilivyodhani. Kila kipande kilikuwa kifupi, na kila mdomo wake ulipanuka ukawa kama sahani ndogo nene, yenye matundu ya kupitishia bulo, yaani bolti, kuzunguka ukingo wote. Kimoja kilikuwa na midomo mitatu, kama herufi ya T. Vingine vilikuwa vifuniko tu, sahani zisizo na bomba, ila kimoja kilikuwa na kijibomba chembamba. Na kifuniko kimoja kilikuwa na kioo katikati, duara, kinene kama kitako cha chupa.

Yaya alikishika hicho cha kioo, akakiinua juani, akanitazama kupitia ndani yake.

"Bomba ya maji haina dirisha," alisema. "Ya mafuta pia haina. Nani anachungulia ndani ya bomba?"

"Sijui, Yaya."

"Umesoma miaka yote ile na haujui?"

Hakusema kwa kunidharau. Alikuwa anashangaa kweli. Yaya aliacha shule alipoolewa, mimi nikaendelea mpaka nikawa mwalimu wa sekondari, lakini nyumbani kwetu muulizaji alikuwa yeye. Mama alikuwa akimtuma kuteka maji kwenye kisima cha mbali, na majirani walijua ni kwa nini: masikio ya mama yalihitaji kupumzika.

Alivipata vile vyuma kwa muuza vyuma chakavu, akampa mtungi wa mawese, akaondoka na gunia. Mumewe alikuwa amekwisha kumuuliza kwa simu atamuuzia nani. Alivitaka tu kwa sababu hakuvielewa.

Tukakaa uani mchana mzima, vyuma katikati yetu, kama watu wanaochambua mboga. Nilileta sumaku ya spika ya zamani; haikushika. Yaya alipitisha kidole ndani ya bomba, kisha nje, kisha ndani tena.

"Mimi nauza sufuria," alisema. "Sufuria wanaisugua nje, ili mutu aone apende. Hii wameisugua ndani. Nje inang'aa kidogo, ndani inang'aa sana. Kwa nini?"

Sikuwa nimeliona hilo. Niliingiza kidole changu nami: ndani kulikuwa laini kama yai. Wakati huo Yaya alikuwa ameshaendelea mbele, anapapasa uso wa ile sahani ya mdomoni, na ghafla akarudisha mkono na kutia kidole kinywani. Kwenye uso wa kila sahani, ndani kidogo ya matundu ya bulo, kulikuwa na ukingo mwembamba uliozunguka duara zima, mkali kama wembe. Umefichwa ndani ya kijishimo, huwezi kuuona mpaka ugeuze chuma juani. Kwenye mdomo mmoja kulikuwa bado na pete bapa ya shaba, na tulipoibandua tuliona pande zote mbili za pete zina mfereji mdogo, pale wembe ulipoingia.

"Chuma inauma shaba," alisema Yaya, damu kidogo kwenye mdomo wake. "Juu inauma, chini inauma. Shaba iko katikati kama nyama."

Kesho yake tulivipeleka kwa fundi wa frigo, yaani majokofu, mzee mmoja mwenye ateliye, karakana yake, karibu na soko, kofia yake ya kuswalia haimtoki kichwani hata anapolala chini ya mashine. Alivigeuza mikononi kwa muda mrefu. Alituambia kwamba alipokuwa kijana, mashariki, aliona kiwanda cha maziwa chenye mabomba ya inoksi mazuri kama haya.

"Lakini yale hayakuwa na wembe," alisema. "Na maziwa haihitaji bulo nyingi hivi. Hapa kuna mutu alikuwa anaogopa kitu kitoke. Kitu kikali sana."

"Labda gesi," nilisema.

"Labda gesi. Lakini gesi inasukuma kwa nguvu, na ukuta ya hii bomba iko nyembamba."

Tukaachana hapo, kila mtu na wazo lake. Mimi nilipiga picha kwa simu nikamtumia mwenzangu niliyesoma naye, ambaye sasa anafanya kazi katika maabara ya chuo huko Lubumbashi. Mtandao wetu unakuja na kwenda kama mgonjwa wa malaria. Jibu lilifika siku nyingine, sauti yake imejaa kicheko. Niliisikiliza pamoja na Yaya, tumeweka simu juu ya kinu kilichogeuzwa.

Alisema hayo ni mabomba ya vide, yaani ya utupu. Unayaunganisha, unaweka pete ya shaba kati ya kila midomo miwili, unakaza bulo mpaka ule wembe uzame ndani ya shaba, na hapo hata hewa haipiti. Halafu mashine inavuta hewa yote iliyomo ndani mpaka panakaribia kubaki bila kitu. Wameyasugua ndani ili hewa isipate mahali pa kujificha. Mashine za kupimia madini zinatumia njia kama hizo, alisema, kwa sababu vijichembe vinavyopimwa vikikutana na hewa vinagongana nayo, kama mtu anayejaribu kukimbia sokoni siku ya soko.

Yaya alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudishe mwanzo, akasikiliza tena. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini.

"Mutu anatengeneza bomba nzuri hivi, na bulo, na shaba, na dirisha, ili asiweke kitu ndani?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi dirisha ya kuangalia nini?"

Hapo ndipo nilipomwambia jambo ambalo kila mwaka naliandika ubaoni. Naandika kwamba hewa inatulemea, na kwamba maji yakiondolewa uzito huo yanachemka hata yakiwa ya uvuguvugu. Wanafunzi wanaandika, wanakariri, wanajibu mtihani, wanapata alama. Mimi mwenyewe niliandika hivyohivyo nilipokuwa mwanafunzi. Sikuwahi kuliona.

"Maji ichemuke bila moto?" aliuliza.

"Bila moto."

"Na wewe unaamini?"

Nilikuwa nalijua. Kuliamini, sijawahi kujiuliza.

"Basi tuangalie," alisema Yaya. "Bomba tuko nayo. Dirisha tuko nayo."

Fundi wa frigo alisikiliza mpango wetu huku akichokonoa sikio kwa kipande cha waya. Ndani ya kila frigo, alisema, kuna kompresa, na kompresa kazi yake ni kuvuta upande mmoja na kusukuma upande mwingine. Alikuwa nayo moja nzima, ya frigo ambalo mlango wake ulikatika. Lakini alisitasita.

"Maji na kompresa si ndugu," alisema. "Mvuke ikiingia ndani ya mafuta yake, itakufa."

"Itakufa siku hiyo hiyo?" aliuliza Yaya.

"Siku hiyo, apana. Pole pole."

"Basi pole pole tutakuwa tumeona."

Mzee akacheka, akaenda kuileta.

Tulisimamisha ile T. Mdomo wa chini tuliufunga kwa kifuniko kizima, hapo ndipo maji yangekaa. Mdomo wa juu tuliuwekea kile kifuniko chenye kioo, ili tuchungulie kwa juu. Mdomo wa ubavuni tuliufunga kwa kifuniko chenye kijibomba chembamba, na hapo fundi akachomeka mpira mnene wa kwenda kwenye kompresa. Pete ya shaba tulikuwa nayo moja tu. Kwa midomo miwili iliyobaki tulikata pete kutoka mpira wa ndani wa tairi la pikipiki. Nilizikata mwenyewe kwa mkasi, nikajivunia.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kama ya kuogesha mtoto. Fundi aliwasha jenereta, kompresa ikanguruma. Tukainamia kioo, vichwa vitatu vikigongana. Maji yalitulia, yanatuangalia tu.

"Kuna mahali inavuta hewa," alisema fundi.

Tulitega masikio, lakini jenereta lilimeza kila sauti. Basi Yaya akaenda kwa mama anayechoma mahindi jirani, akarudi na kijiti kinachofuka moshi. Akakipitisha taratibu kuzunguka ile T. Moshi ulipanda wima, ukapanda wima, na alipofika chini ya mdomo wa juu, ukajipinda. Uliinama ukaingia kati ya vile vyuma viwili kama uzi unaoingia kwenye tundu la sindano.

Nilisahau tulikuwa tunatafuta kasoro. Kwa miaka nimechora mishale ubaoni kuonyesha hewa inakwenda upande gani. Ule moshi ulikuwa mshale wenyewe.

Tulipofungua, pete yangu ya mpira ilikuwa vipande viwili. Wembe ulikuwa umeikata. Mwenzangu wa Lubumbashi, nilipomwandikia, alisema mpira wa aina fulani unafaa, lakini wa pikipiki ni laini mno. Afadhali tutafute shaba.

Likizo ya Pasaka ilikuwa imefika. Yaya alikuwa anarudi Salamabila na bidhaa, nami nikaamua kwenda naye. Mume wangu aliuliza ninakwenda kutafuta nini. Nikamwambia pete. Akanitazama vidole, akatikisa kichwa, akanifungia maboga mawili nimpelekee shangazi yake anayekaa Wamaza, njiani.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili, Yaya mbele na vidumu vya mawese. Kuna vilima tulivyovipanda kwa miguu, madereva wakisukuma, na kuna mto ambapo pikipiki zilivushwa zimebebwa juu ya miti mabegani mwa vijana. Wamaza tulilala kwa shangazi, tukala ugali na majani ya muhogo. Shangazi alitaka kujua safari yetu ni ya nini. Yaya akamweleza yote: mabomba, wembe, shaba, moshi. Alieleza vizuri kuliko ninavyoeleza mimi darasani, kwa sababu hakuwa na haraka ya kufika kwenye jibu. Shangazi aliweka kijiko chini.

"Na hewa ikitoka yote," aliuliza, "mahali pake inabaki nini?"

Yaya alinigeukia. Nilisema, hakibaki kitu. Shangazi akasema hilo haliwezekani, hata chungu kitupu kina harufu ya kilichokuwamo. Tukaendelea hivyo mpaka taa ilipoanza kuisha mafuta.

Muuza vyuma wa Salamabila alimkumbuka Yaya mara moja. Tulimkuta chini ya turubai, kati ya magurudumu na minyororo. Alisema vile vyuma alivinunua kwa mtu aliyevinunua kwa mtu mwingine; kwa kusikia, vilitoka katika maabara fulani ya kupimia mawe. Mashine yenyewe hakuiona. Kuhusu pete, aliuliza ni pete gani, na Yaya alipomchorea ardhini akapiga paji la uso.

"Zile za shaba? Shaba tunaiweka mbali. Shaba iko na wanunuzi wake."

Akaingia nyuma, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Tulizikuta chini kabisa, chini ya nyaya na vipande vya betri. Nyingi zilikuwa zimepindwa. Tulichagua zilizonyooka, na Yaya akazitunga kwenye kamba, akazivaa shingoni. Kote sokoni wanawake walimsimamisha kumuuliza kama hiyo ndiyo mitindo mipya ya Kasongo.

Kwenye ateliye, mara ya pili, fundi alikaza bulo kwa zamu: moja huku, ya pili upande wa pili, kidogo kidogo, ili wembe uume shaba sawasawa pande zote. Pete zilikuwa zimekwisha kuumwa zamani, kwa hiyo alikaza zaidi, mpaka ufunguo ukalia. Tukatia maji. Kompresa ikanguruma. Yaya alipitisha kijiti chake cha moshi, na moshi ulipanda wima kila mahali.

Tukainama. Na kioo kikawa kimejaa ukungu.

"Ee Mungu," alisema Yaya, kwa uchungu kabisa, kama mtu aliyefungiwa mlango kwenye arusi.

Lakini ndani kulikuwa na kitu. Niliweka kiganja kwenye bomba nikahisi linatetemeka, linagonga gonga, kama punje zinaporuka kwenye kikaango. Nilikimbilia kwa yule mama wa mahindi, nikaomba maji ya moto na kitambaa, nikakikanda kioo kwa juu jinsi unavyomkanda mtu aliyeteguka. Kioo kikapata joto. Ukungu ukaanza kuondoka katikati, tundu dogo, kisha kubwa.

"Angalia wewe kwanza," nilimwambia Yaya.

Aliinama. Nilimmulikia kwa simu. Alishika magoti, kitenge chake kikiburuza kwenye mafuta ya sakafu.

"Inachemuka," alisema. "Inachemuka, mudogo wangu. Inaruka."

"Shika bomba."

Alilizungushia mikono yote miwili. Halikuwa na joto. Akaliacha, akalishika tena. Kisha akanivuta shingoni akanisogeza kwenye kioo, nami nikaona: mapovu makubwa yanapasuka, maji yanarukia kuta zinazong'aa, yanarudi, yanaruka tena, kama sufuria juu ya mafiga, na hakuna moto popote. Nilisikia machozi yananijia, na sikujua ni kwa nini. Labda kwa sababu ilikuwa kweli, na nilikuwa nimewaambia watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba ni kweli.

Fundi alitazama wa mwisho. Alisema "Subhanallah" mara kadhaa, kwa sauti ndogo, kisha akazima jenereta ili aokoe kompresa yake. Tulipofungua, Yaya alichovya kidole.

"Imepoa," alisema. "Ilikuwa vuguvugu, ikachemuka, sasa imepoa. Kuchemuka kumeipoza!"

Nilimweleza kwamba mvuke unapotoka unaondoka na joto. Alinisikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye maji.

Muhula ulipoanza, prefe, yaani mkuu wa shule yetu, alikubali tulete kila kitu darasani kwa toroli. Wanafunzi walipanga mstari, kila mmoja na zamu yake kwenye kioo. Mmoja alisema nimetia dawa ndani ya maji, basi nikamwambia ateke mwenyewe maji ya kunawia ya shule, na yakachemka pia. Mvua kubwa zilikuwa zimefunga barabara ya Kabambare, ile ya kwenda Salamabila, Yaya hakuweza kusafiri, naye aliketi kwenye dawati la nyuma, mwanamke mzima kati ya watoto, magoti yake hayaingii chini ya meza. Msichana mmoja aliuliza: ikiwa hewa inatulemea hivyo, mbona hatuanguki? Nilikuwa nageukia ubao ili nichore mishale, Yaya akaanza kujibu kutoka nyuma.

"Inakusukuma kila upande, mutoto wangu. Na wewe pia uko na hewa ndani. Mulango ukisukumwa na watu wawili, mumoja ndani mumoja nje, unaenda wapi?"

Niliweka chaki chini, nikamwacha aendelee.

Kompresa ilikufa kabla ya muhula kwisha, pole pole, jinsi mzee alivyosema. Ilianza kukohoa, mafuta yake yakawa meupe kama maziwa. Fundi hakukasirika. Alikuwa ameshaanza kufikiria jinsi ya kuunasa mvuke njiani kabla haujafika kwenye mafuta, kwa chupa na chumvi kavu, na mara mbili alikuja nyumbani kwangu kubishana nami kuhusu chupa hiyo. Bado hatujakubaliana. Vyuma viko kabatini shuleni, vimefungwa kwenye kitenge kimoja kikuukuu cha Yaya.

Barabara ilipokauka, Yaya akapanda tena na mawese yake. Juzi nilipata ujumbe wake wa sauti kutoka Salamabila, jogoo na jenereta nyuma yake.

"Mudogo wangu, hapa juu ya milima maharagwe inakawia kuiva kuliko Kasongo. Wanawake wote wanasema hivyo. Ulisema hewa ikipunguka, maji inachemuka mbio, haingojei moto mwingi. Basi maji ya huku inachemuka bila kuwa na moto ya kutosha, ndiyo maana maharagwe inabaki ngumu?"

Nilimjibu kwamba ni wazo zuri, lakini milima ile si mirefu sana, tofauti ingekuwa ndogo. Huenda maharagwe ya huko yamekaa sana ghalani, yakawa magumu. Nilikuwa karibu na hakika.

Jibu lake lilifika jioni ile ile.

"Haya. Safari ingine nitachukua maharagwe ya Kasongo, kilo moja, nusu nitapika kwako, nusu nitapika hapa. Sufuria ile ile. Unitafutie kile kipimo cha joto cha shule, na mwambie prefe nitakirudisha."